Swali la Ukurasa wa Mwisho

Jumapili ile Fundi alijibu "hapana" bila kujua ameulizwa nini, kisha akaendelea na chai yake kama mtu aliyetenda haki.

Simu ilikuwa mezani, imeegemezwa kwenye bakuli la sukari, na sauti ya mjukuu wake ilitoka humo safi, utadhani ile nchi ya mbali wanakoishi ni chumba cha pili. Mjukuu huyo alikuwa na miaka kumi na miwili. Babu yake alimbandika jina la Karani kwa sababu tangu ajue kushika penseli hakuna karatasi iliyosalimika mbele yake. Kila baada ya wiki tano hivi alimtumia babu kwa posta kitabu alichokwisha kukisoma, na Jumapili alipiga simu wakizungumzie. Mpango huo ulianza Krismasi iliyopita, walipokuja kutembea yeye, mama yake na mdogo wake Kibonge. Fundi, kwa kupenda sifa, akamwambia mbele ya watu, "Nitumie vitabu unavyosoma, tuwe tunasoma pamoja." Hiki kilikuwa cha tisa.

"Umekimaliza, Babu?"

"Nimekimaliza."

"Umeona nilichoandika pembeni? Lile swali la ukurasa wa mwisho?"

"Nimeliona."

"Basi nijibu. Ndiyo au hapana tu, Mama yuko hapa jikoni."

Fundi hakuwa ameona kitu. Hakuwa amekisoma kitabu hicho hata mstari mmoja, wala vile vinane vilivyotangulia. Akapiga hesabu za harakaharaka. Mtoto anaweza kumuuliza babu yake nini mwishoni mwa hadithi? Labda kama imemchosha. Labda kama imemtisha, au imemliza. Kwa yote hayo hapana ilionekana ndilo jibu la adabu, tena halimgharimu mtu.

"Hapana," akasema kwa sauti nzito ya mtu aliyetafakari.

"Kweli, Babu?"

"Kweli kabisa. Hata kidogo."

"Sawa," alisema Karani. "Basi sawa." Akamtuma amsalimie Bibi, akasema ana kazi za shule, akakata simu.

Bibi alitoka chumbani na shuka mkononi akalalamika kwamba hata hakungojewa asalimie. Fundi akamwambia watoto wa siku hizi wana shughuli kuliko mawaziri. Bibi akarudi kwenye shughuli zake. Tangu mwezi wa kumi alikuwa akikitengeneza chumba cha wajukuu: ameshona foronya mpya, amepiga dirisha rangi kwa mkono wake mwenyewe, ameazima godoro la ziada kwa jirani kwa sababu Kibonge akilala na dada yake humpiga mateke. Zilibaki wiki sita.

Msomaji asije akamwona Fundi ni mwongo wa kuzaliwa. Alikuwa mtu mnyoofu, mwenye kazi yake. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa akijalidi vitabu katika chumba kirefu nyuma ya duka la vifaa vya shule, chumba kinachonuka gundi kuanzia mlangoni. Watu walimletea madaftari ya mahudhurio, tasnifu za wanafunzi, vitabu vya nyimbo vilivyochakaa, rejista za zahanati, mafaili ya mahakama. Na katika kazi hiyo kulikuwa na sheria moja aliyoikuta, akaishika kuliko hata yule aliyemfundisha: kazi ya mtu haisomwi. Bwana wake wa kwanza alimfukuza kijana mmoja papo hapo kwa kutoka na neno moja tu la rejista ya zahanati, neno ambalo kufikia jioni lilikwishavunja ndoa ya watu.

Basi macho ya Fundi yalijifunza kuona karatasi bila kuona maneno. Ukimpa kitabu atakwambia uzi umelegea wapi, gundi ni ya aina gani, kimelowa maji mara ngapi, lakini ukimuuliza kinahusu nini atakutazama kama umemuuliza rangi ya nguo zake za ndani. Vitabu vya Karani vilivyoanza kuja, vyote mitumba iliyotolewa kwenye maktaba ya shule yao, aliviweka kwenye foleni pamoja na kazi nyingine. Alivishona, akavipa jalada jipya na herufi za dhahabu mgongoni, akavirudisha. Moyoni alijiambia kwamba hiyo ndiyo namna yake ya kusoma. Siku za Jumapili alijikokota kwa maneno ya jumla. "Yule mwenye roho mbaya kanikera sana," alikuwa akisema, maana ni hadithi gani haina mwenye roho mbaya? Karani alicheka, akaamini ana babu wa maneno machache.

Mara kwa mara kitu kilimchoma. Akajiahidi ataanza kusoma kijacho. Kijacho kikija kilikuta kazi za watu zimejaa, naye akajisamehe.

Kile cha tisa kilifika katika hali mbaya: kingo zimevimba kwa unyevu, zimechafuliwa na vidole, na mafungu ya kurasa yanachomoka. Fundi akaamua hakirudishi kwa posta. Atakifanyia kazi ya maana, ampe mtoto mkononi siku ya Krismasi. Alimpa Mama Sindano, mwanamke aliyekuwa akishona naye kazi kwa miaka ishirini, akakishona upya fungu kwa fungu. Yeye akapaka gundi, akakibana katikati ya mbao siku mbili, halafu akakilaza chini ya kisu cha mashine na kukinyoa pande zote tatu, upana wa kidole kizima. Kurasa zikatoka nyeupe kama hazijawahi kushikwa. Aliona kuna penseli penseli pembeni, ndiyo, lakini kwa fundi wa kujalidi penseli ya pembeni ni uchafu kama uchafu mwingine. Alifurahi kuiona inaondoka.

Habari zililetwa na binti yake, wiki ya pili ya Desemba. Alipiga saa za jioni na akataka kuongea na mama yake kwanza, jambo lililomtia Fundi wasiwasi, maana binti huyo akiwa na jema huanza na baba.

Mwaka huu hawatakuja, alisema. Kule anakofanya kazi, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, amepewa zamu za sikukuu na zinalipwa mara mbili. Alitaka kuzikataa. Lakini watoto wenyewe, hasa mkubwa, wamesema hawataki kuja, wanataka kubaki na wenzao.

"Wamesema wenyewe?" Bibi aliuliza.

"Wenyewe, Mama. Nisingekuficha."

"Haya mwanangu. Kazi ni kazi. Tutaonana Mungu akipenda."

Alizungumza vizuri mpaka mwisho, akauliza baridi ya huko, akawaombea afya. Simu ilipokatika aliiweka mezani, akakaa. Fundi alingoja alie, kwa sababu kilio angejua la kufanya nacho. Bibi hakulia. Alitazama mikono yake iliyokuwa bado na madoa ya rangi ya dirisha alilolirudia juzi.

"Nimewafanya nini wale watoto?" akauliza.

Fundi akamwambia hajafanya kitu, watoto wakikua huota mapembe. Bibi hakumsikiliza. Alikuwa akitafuta, na mtu akitafuta kosa lake hakosi kulipata. Akalipata. Mwaka jana, mezani, mbele ya wageni, alimnyang'anya Karani kitabu kwa sababu alikuwa anasoma wakati watu wanakula. Alimwambia mtoto wa kike asiyetazama watu usoni atazeeka na karatasi zake. Mtoto akatoka mezani na machozi.

"Ni hilo," alisema Bibi. "Nilimwaibisha mbele za watu. Na yeye ana kumbukumbu yule, kama wewe." Akainuka, akaenda kukifunga chumba cha wajukuu, na godoro la jirani likabaki humo humo bila kurudishwa.

Kesho yake kazini Fundi alikuwa na hasira, na hasira ilimpa nafuu. Alimsimulia Mama Sindano jinsi watoto wasivyo na shukrani siku hizi, vitabu vyote tisa amevitengeneza bure, kwa gundi yake mwenyewe, na leo wanamwona bibi yao si kitu. Mama Sindano alikuwa anashona daftari kubwa la shule. Sindano ikasimama.

"Kwani ulimjibuje?" aliuliza.

"Nimjibu nani?"

"Mtoto. Lile swali lake la ukurasa wa mwisho."

"Wewe umelijuaje swali?"

"Nimelisoma."

"Kazi ya mtu haisomwi."

"Haisomwi na wewe," alisema Mama Sindano bila kuinua sauti. "Mimi miaka ishirini nasoma kila ninachoshona, ningekufa kwa upweke humu ndani. Sijawahi kutoka na neno mlangoni. Lakini lile halikuwa kazi ya mtu, Fundi. Lile lilikuwa limeandikwa 'Babu'. Mimi nilidhani mmekwisha kuyaongea."

Akaliita swali lile kichwani kama mtu anayevuta uzi taratibu usikatike. Karani aliandika kwamba mama amepewa zamu za Krismasi na anataka kuzikataa ili waje kwa Babu na Bibi. Lakini amemsikia mama akilia bafuni kwa ajili ya kodi ya nyumba. Kwamba yeye, Karani, anaweza kumwambia mama kuwa hawataki kuja, ndipo mama atazichukua zile zamu bila kuumia. "Halafu akamaliza hivi," alisema Mama Sindano. "'Lakini kwanza nakuuliza wewe, Babu. Tusipokuja, utahuzunika? Ukisema ndiyo, sitamwambia kitu.'"

Fundi alikwenda rafuni akakichukua kitabu. Jalada lilikuwa la kijani, kazi safi, kazi ambayo angemwonyesha mteja yeyote. Akafungua ukurasa wa mwisho. Pembeni, pale kisu kilipopita, zilibaki nukta nukta za penseli na mkia wa herufi moja. Alikisogeza dirishani, akakiinamisha huku na huku. Hapakuwa na kitu cha kusoma.

Gunia la vipande lilikuwa bado halijachukuliwa. Alilimwaga sakafuni, akapiga magoti katikati ya vipande vya karatasi, akaanza kuvichambua kimoja kimoja, vya tasnifu, vya rejista, vyeupe, vya manjano. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliingia kufuata madaftari yake akamkuta katika hali hiyo, mvi zimejaa vumbi la karatasi.

"Umepoteza hela, Fundi?"

"Kitu cha mjukuu."

Mwalimu mkuu alicheka kidogo, kwa adabu, akangoja ahudumiwe. Mama Sindano ndiye aliyeinuka kumpa madaftari yake. Kipande alichokipata Fundi mwishowe kilikuwa na maneno mawili na nusu, kwa mwandiko wa duara wa mtoto anayejitahidi: *lakini kwanza nak*. Alikitia mfukoni mwa shati. Kingine hakukipata.

Mchana alitoka nje na simu akampigia binti yake. Alimkuta kwenye mapumziko, sauti ikirudi kama ya mtu aliye katika chumba chenye vigae. Fundi alikuwa amejipanga kusema yote. Alianza kwa kuuliza hali, akaulizwa hali, na kabla hajashika neno lake binti yake akamtangulia.

"Baba, nilitaka kukushukuru. Mjukuu wako ameniambia. Amesema alikuuliza kama mtahuzunika tusipokuja, ukamwambia hata kidogo. Nilijua umejikaza tu kwa ajili yangu. Hujui ulivyonitua mzigo."

"Na kama mngekuja tu?" aliuliza. "Kama ningetafuta namna?"

"Nimeshatia sahihi, Baba. Na kodi nimeshamwahidi mwenye nyumba. Namshukuru Mungu wewe ni mwelewa. Mama ndiye ninamwonea huruma."

Kengele ililia huko kwake, mzee wa watu anamwita. Fundi akamwambia aende, asimweke mgonjwa. Alibaki amesimama barazani na simu sikioni muda mrefu baada ya kukatwa, na watu waliopita walimsalimia kwa ishara ili wasimkatize mazungumzo.

Hakumwambia Bibi siku hiyo. Alijiambia atamwambia kesho, akiwa ametulia. Kesho Bibi hakuwa ametulia, kesho kutwa kulikuwa na wageni. Kila siku iliyopita ilifanya maneno yawe mazito zaidi. Kwanza angekuwa na kosa moja la kuungama, sasa alikuwa na mawili, kisha matatu, maana kila jioni Bibi alirudia hadithi ya kitabu alichokinyang'anya mezani, akiiongezea kitu: alivyomshika mtoto mkono kwa nguvu, wageni walivyonyamaza. Fundi alimsikiliza. Akasema "usijitese." Neno hilo alilisema mara nyingi sana kwa mtu ambaye angeweza kumwondolea mateso hayo kwa sentensi moja.

Kazini, saa za chakula, alianza kusoma. Alijificha nyuma ya mashine ya kukatia kama mvutaji bangi, kidole kwenye mstari, midomo ikichezacheza. Macho yaliyozoea kupita juu ya maneno yalikataa kushuka chini, ikawa anafika mwisho wa ukurasa hajui alichosoma, anarudi. Kitabu kilihusu msichana na farasi mkaidi. Katika pambizo za ndani, karibu na mshono, mahali ambapo kisu hakifiki, aliyakuta maneno machache ya Karani yaliyosalimika. *Hapa nilicheka. Na wewe?* Ukurasa wa thelathini na mbili: *Huyu farasi ni kama Kibonge akiamshwa.* Ukurasa wa hamsini: *Sikuielewa hii sehemu, nieleze Jumapili.*

Aliifikiria ile Jumapili. Alikumbuka alimwambia amekimaliza na swali ameliona. Na vile vinane, vilivyojaa pengine maneno kama haya pande zote nne, alivirudisha kwa posta vikiwa vimefungwa vizuri. Mtoto alikuwa akivifungua, anakuta maswali yake yapo kama alivyoyaacha na mgongo una dhahabu. Fundi aliona haya mpaka masikio yakawaka moto, peke yake, nyuma ya mashine.

Siku ya Krismasi waliamka, wakavaa, wakaenda kusali, wakarudi. Bibi aliandaa meza kwa watu wawili. Chakula kilikuwa kingi kwa sababu mikono yake haijui kupika kidogo, na wote wawili walijifanya hawaoni. Saa saba walipiga simu. Binti yao alikuwa zamu tangu alfajiri, watoto wako kwa jirani wao wa huko, mama mtu mzima. Bibi alishika simu kwa mikono miwili, akaweka sauti ya nje ili wasikie wote.

Kibonge aliongea kwanza, akaeleza kwa mapana zawadi aliyopewa na jirani. Kisha akaja Karani. Alisema "Heri ya Krismasi, Bibi," kwa sauti ya mtu anayetembea juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki.

"Mjukuu wangu," alisema Bibi, "ngoja nikwambie kitu kabla sijakisahau." Hakuwa na hatari ya kukisahau. Alikuwa amekaa kinyume cha Fundi, mgongo wima, kama mtu aliyeitwa ofisini. "Mwaka jana nilikunyang'anya kitabu mezani, mbele ya watu. Nilikosa. Mimi ni mtu mzima lakini nilikosa, naomba unisamehe. Kama ndilo lililowafanya msije…"

"Kitabu gani, Bibi?" aliuliza Karani.

"Siyo wewe," alisema Fundi.

Bibi akamtazama. Fundi alikuwa bado na kijiko mkononi. Alikiweka chini.

"Siyo wewe, Mama watoto. Ni mimi. Karani, mimi swali lako sikuliona. Kitabu sikukifungua. Nilikipitisha kwenye kisu ili kipendeze, nikayakata maneno yako yote. Ile siku niliposema hapana, sikujua umeniuliza nini."

Bibi hakuelewa, naye Fundi ilibidi amweleze palepale, huku mtoto anasikia: zamu, kodi, swali, na jibu lake. Aliyasema yote kwa mpangilio, na alipomaliza aliona kwamba yalikuwa machache tu, yangeweza kusemwa siku yoyote kati ya zile siku kumi na tatu.

Kwenye simu Kibonge aliuliza kitu, akanyamazishwa.

"Na cha nane?" alisema Karani.

"Sikukisoma."

"Kwenye cha tatu nilikuuliza kama mguu wa Bibi umepona. Jumapili nikakuomba jibu, ukaniambia ndiyo, vizuri kabisa."

Bibi alimgeukia Fundi uso mzima. Miezi ile alikuwa anatembelea fimbo, na usiku anaukanda mguu kwa maji ya moto.

"Nilibahatisha," alisema Fundi.

"Vyote tisa?"

"Hiki cha tisa nimeanza. Nimefika ukurasa wa sitini na moja." Alijisikia akilisema hilo, akatamani angelimeza.

"Mimi nilimwambia Mama kwenu hakuna cha kufanya," alisema Karani polepole. "Nilimwambia nyumba yenu inanichosha. Ilibidi niseme kitu kibaya ili aamini. Hakuniongelesha siku nzima."

"Najua, mjukuu wangu."

"Hujui, Babu."

Fundi hakubisha. Akasema lile alilokuwa amelibeba tangu siku ile ya gunia. "Jibu langu ni ndiyo. Nimehuzunika. Nilihuzunika siku ile ile."

"Sasa hivi halisaidii," alisema Karani. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu mzima anayemweleza mtoto kwamba duka limefungwa. Halafu sauti ikamkatika, na iliporudi ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi na miwili. "Msimwambie Mama. Akijua atazichukia zile pesa."

"Hatumwambii," alisema Bibi.

"Bibi, nataka kuongea na wewe. Peke yako."

Bibi aliinua simu, akahangaika na vitufe mpaka sauti ya nje ikazimika. Alipita nyuma ya kiti cha Fundi bila kukigusa, akafungua chumba cha wajukuu, akaingia, akafunga mlango. Fundi alibaki na meza. Alisikia sauti ya mkewe ikipanda na kushuka, maneno hayakukamatika. Alimsikia akilia hatimaye, kile kilio alichokingoja wiki mbili. Baada ya muda akamsikia akicheka, kicheko kifupi, kisha kingine kirefu. Fundi alikaa wima, akapangusa mdomo, akajiweka tayari kuitwa.

Mlango ulifunguliwa. Bibi alitoka na simu imebanwa begani, akavuta droo, akachukua penseli na bahasha kuukuu ya kuandikia.

"Anataka vitabu aanze kunitumia mimi," alisema bila kumtazama. "Nimemwambia mimi nasoma polepole, naweza kuchukua miezi. Amesema atangoja."

"Na mimi?" Fundi aliuliza.

"Wewe hukutajwa," alisema Bibi, akaingia tena chumbani na kufunga mlango.